Mabaka ya jeshi: rangi moja, sheria nyingi mpakani

KAMPALA. Mwindaji wa Marekani anayetaka bunduki yake isionekane porini haendi mbali. Anafungua kitako, anakisugua kwa msasa hadi mng'ao utoke, anakipulizia rangi ya udongo isiyong'aa, kisha anakitandazia majani au vijiti vya nyasi na kupuliza rangi ya kijani iliyokolea juu yake. Akiondoa majani, umbo lake linabaki. Anarudia kwa rangi ya kahawia, halafu nyeusi kidogo, na jioni kazi imekwisha. Makopo matatu ya rangi na kibaraza cha nyumba vinamtosha.

Makopo hayo hayo yanapatikana Kampala kwa fundi yeyote anayenyoosha mabati ya magari. Lakini hapa mambo ni tofauti. Kumiliki bunduki Uganda kunahitaji cheti chini ya Sheria ya Silaha ya mwaka 1970, na mwenye cheti anayetamani mabaka kwenye kitako aanzie kituo cha polisi kabla ya kufika dukani kwa rangi. Bunduki ya mlinzi wa benki au ya mwenye shamba ikivaa mabaka, askari aliye kwenye kizuizi usiku haoni tena bunduki ya mlinzi. Anaona bunduki ya jeshi mikononi mwa mtu asiye na sare.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu hawana bunduki wala hawana haja nayo. Wana mabelo. Na mabaka yale yale, yakiwa kwenye koti, kofia au begi, ndiyo yanayoweza kumpoteza mfanyabiashara wa mitumba kati ya Mutukula na Mpondwe.

Yalikotoka mabaka

Jeshi la kwanza kuunda kitengo maalumu cha kuficha vitu kwa rangi lilikuwa la Ufaransa, mwaka 1915, na mmoja wa waanzilishi wake alikuwa mchoraji wa picha za watu, Lucien-Victor Guirand de Scévola. Wachoraji hao walipaka mizinga, mahema na malori. Ujanja wao haukuwa kukifanya kitu kifanane na jani moja. Ulikuwa kulivunja umbo lake, ili jicho la mbali lishindwe kujua wapi mzinga unaanzia na wapi unaishia. Mwindaji wa leo na kitako chake anafuata somo lile lile.

Baadaye mabaka yakahamia kwenye nguo. Marekani ilikuwa na mchoro wake wa majani uliobuniwa mwaka 1948, na mwaka 1981 ikatoa ule maarufu wa msitu, wenye kijani, kahawia, udongo na nyeusi, ambao majeshi mengi duniani yaliuiga. Mwaka 1986 kampuni mbili za kule, Mossy Oak na Realtree, zilianza kuuza mabaka ya wawindaji, yenye picha za majani na magome ya miti kama yalivyo. Tangu hapo kijana wa Georgia au Mississippi anakwenda shule na koti la mabaka bila mtu kumgeukia.

Koti hilo likimchosha, analitoa sadaka. Linakusanywa, linapangwa, linashindiliwa pamoja na mashati na suruali za jinzi katika belo la kilo 45, linafungwa kwa kamba za plastiki na kupakiwa kwenye kontena la kwenda Mombasa au Dar es Salaam. Aliyelifungia huko hajavunja sheria yoyote ya kwao. Atakayelifungua Owino ndiye mwenye kazi.

Owino, soko ambalo kwa jina rasmi ni St Balikuddembe, hupokea wanunuzi kutoka Juba, Bunia, Beni, Kigali na Mwanza. Wengine hununua belo zima bila kulifungua, kwa sababu belo lililofunguliwa huonekana kama lililochambuliwa. Hapo ndipo hatari inapokaa. Unanunua kitu usichokiona, unakivusha mpaka, na anayekifungua mbele yako ni ofisa wa forodha.

Uganda inasemaje

Sheria ya Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Uganda, UPDF, ya mwaka 2005 inakataza raia kuwa na sare au mapambo ya jeshi bila ruhusa, kuvaa, na kuuza. Haitazami sare halisi peke yake. Inatazama pia kile kinachofanana nayo kiasi cha kumdanganya mtu. Neno "kufanana" ndilo linalomuumiza muuza mitumba, maana koti la mwindaji wa Georgia halijawahi kuwa la jeshi lolote, lakini ukilitazama kutoka ng'ambo ya barabara utasema ni la jeshi.

Septemba 2019 wafanyabiashara walipata funzo lingine. Serikali ilichapisha katika gazeti lake rasmi orodha ya mavazi yaliyo mali ya jeshi, na bereti nyekundu ikawemo. Wakati huo bereti nyekundu ilikuwa alama ya wafuasi wa Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine. Mwezi Oktoba 2020 askari walivamia ofisi za chama chake eneo la Kamwokya na kuondoka na bereti na nguo za aina hiyo. Siasa yake kila mtu ana maoni yake. Kwa mwenye duka jambo la kushika ni kwamba bidhaa iliyokuwa halali Jumatatu inaweza kuwa mali ya jeshi kabla ya wiki kuisha, na tangazo lenyewe liko kwenye gazeti la serikali ambalo wauzaji wachache hulisoma.

Swali la pili ni mahakama gani itakusikiliza. Kwa miaka mingi raia aliyekutwa na silaha au vifaa vya jeshi aliweza kupelekwa Makindye, mbele ya mahakama ya kijeshi. Januari 31, 2025 Mahakama ya Juu, katika kesi ya aliyekuwa mbunge wa Nakawa Michael Kabaziguruka, iliamua kwamba mahakama hizo haziwezi kuwahukumu raia. Haikuchukua muda. Mei 20 mwaka huo huo Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya UPDF yanayorudisha njia hiyo kwa mazingira maalumu, yakiwemo kukutwa na silaha na vifaa vya jeshi kinyume cha sheria, na mwezi uliofuata Rais Yoweri Museveni akatia saini. Wanasheria wanabishana kuhusu upana wa mazingira hayo. Mwenye belo hana sababu ya kutaka kuwa mfano wa kuumalizia ubishi huo.

Ukali huu una historia. Kampala imepigwa mabomu Julai 2010 na tena Novemba 2021. Kati ya hapo watu mashuhuri walipigwa risasi barabarani: Andrew Felix Kaweesi wa polisi Machi 2017, mbunge Ibrahim Abiriga Juni 2018, na Jenerali Katumba Wamala, aliyenusurika, Juni 2021. Baada ya kifo cha Abiriga, Rais aliliambia Bunge kwamba kila bunduki nchini itachukuliwa alama zake, ili risasi ikiokotwa ijulikane imetoka wapi. Katika mji wa namna hiyo, mtu aliyevaa mabaka huku hana kitambulisho cha jeshi hapewi muda mrefu wa kujieleza.

Ukivuka

Tanzania ilionyesha msimamo wake waziwazi Agosti 2023, pale Jeshi la Wananchi, JWTZ, lilipotoa siku saba kwa raia kusalimisha sare za jeshi na nguo zinazofanana nazo. Wiki hiyo hiyo, akiwa Mbale, Rais Museveni alitangaza kwamba mitumba yote ingepigwa marufuku Uganda. Mitumba ingali inauzwa. Lakini muuzaji wa Bukoba anayenunua Kampala alijikuta kati ya matangazo mawili ndani ya siku chache, na lile la Dar es Salaam lilikuwa na tarehe ya mwisho.

Kenya nayo inalo katazo katika Sheria ya Adhabu, linalogusa sare na hata vazi lenye sura ya sare. Gikomba, ambako wachambuzi huita nguo bora kabisa "kamera" na za mwisho "fagia", koti zuri la mabaka huenda likawa kamera kwa ubora wa kitambaa. Kwa sheria halina hata daraja la fagia.

Mashariki mwa Kongo ndiko kunakotisha zaidi, na huko hatari yenyewe haitoki kwenye vitabu vya sheria. UPDF iko huko tangu Novemba 30, 2021 katika Operesheni Shujaa, pamoja na jeshi la Kongo, wakiwasaka waasi wa ADF. Yapo pia makundi ya Mai-Mai, na waasi wa M23 waliouteka mji wa Goma Januari 2025. Wote hao huvaa mabaka ya aina moja au nyingine. Mama anayetoka Kasese kwenda Beni na marobota yake, akikutwa na suruali kumi za mabaka, ataulizwa anampelekea nani. Jibu lolote atakalotoa litamfurahisha mmoja na kumkasirisha mwingine.

Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina nchi nane, na kila moja inalinda mabaka ya jeshi lake kwa sheria yake. Barbados na Jamaica, visiwa vya mbali vinavyoishi kwa watalii, huzuia raia na wageni kuvaa mabaka ya aina yoyote, na mtalii huambiwa mapema. Katika mipaka yetu, mfanyabiashara mara nyingi hujua siku anapokamatwa.

Kitako kama bidhaa

Kuna jambo moja kuhusu kitako cha bunduki ambalo wasafirishaji wa vifurushi wanapaswa kulijua. Siku hizi watu huagiza vitu kupitia intaneti na kuomba jamaa awabebee kutoka Dubai au Guangzhou. Kitako kilichokwisha kupakwa mabaka kinaonekana kama kipande cha mbao au plastiki tu, hakina chuma cha kufyatua. Lakini katika orodha ya forodha inayotumiwa duniani kote, sehemu na vifaa vya bunduki vimo katika Sura ya 93, pamoja na silaha zenyewe, na Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 imeweka silaha na risasi za sura hiyo kwenye orodha ya bidhaa zinazohitaji kibali maalumu. Bunduki ya upepo nayo imo. Ya watoto kuchezea iko Sura ya 95, na ni biashara ya kawaida ya Kikuubo msimu wa Krismasi, ingawa mimi ningechagua za rangi ya chungwa na buluu nikawaachia wengine zile zenye mabaka. Mzigo wa mwenzako usioujua, hata uwe mdogo kiasi gani, ufunguliwe kabla haujaingia kwenye begi lako.

Na wengine hudhani cheti rahisi cha uasilia, kile cha wafanyabiashara wadogo wenye mzigo usiozidi dola 2,000, kitawapitisha haraka. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha ya pamoja. Mtumba wa Georgia haujazalishwa Jinja, kwa hiyo belo lako litapitia njia ya kawaida, na njia ya kawaida ina ukaguzi.

Kinachoweza kufanyika

Njia yenye gharama ndogo ni kulifungua belo upande uliolinunulia. Ndiyo, belo lililofunguliwa hushuka bei kwa mnunuzi wa jumla. Lakini ukilifungua mbele ya aliyekuuzia, ukatoa vipande vyenye mabaka, mnaweza kubishana bei hapo hapo. Ukigundua Busia au Katuna, hakuna wa kubishana naye. Angalia pia kofia, mabegi ya mgongoni, mikanda, bitana za ndani za makoti na nguo za watoto, ambazo wachambuzi wengi huziruka kwa kuwa ni ndogo.

Kuna wanaopeleka nguo hizo kwa watia rangi ili ziwe nyeusi. Fundi mwenyewe atakuambia shida yake: rangi ya kutia haifuti iliyo chini, huiongezea tu. Sehemu ya udongo inakuwa kahawia, ya kijani inakuwa nyeusi, na juani mabaka yanaonekana kama kivuli. Nguo iliyotiwa rangi nusu inaonekana kama ya mtu aliyejaribu kuficha kitu, na ofisa wa forodha ataiuliza zaidi kuliko ile ambayo haikuguswa. Kuikata matambara ya gereji nako hakuondoi mabaka.

Ukikikuta kipande baada ya kuwa umekwisha kulipa, usikivae wala usikipe kijana wako wa kubeba mizigo, na usikitundike dukani kungoja mteja anayekipenda. Nenda nacho kituo cha polisi kilicho karibu ukiwa na risiti ya belo na mtu mmoja wa kushuhudia. Kama una mwenyekiti wa mtaa anayekufahamu, nenda naye. Omba kiandikwe kwenye kitabu cha kituo, na uchukue namba ya maandishi hayo. Utapoteza bei ya koti moja na nusu siku ya kazi.

Risiti ya belo yenyewe iandikwe jina la duka, tarehe na idadi ya mabelo. Wauzaji wengi wa Owino hutoa karatasi yenye jumla tu. Dai iliyo kamili kabla hujalipa, maana baada ya hapo muuzaji ana wateja wengine wa kuwahudumia.