Mapatano ya Kazi ya Askari wa Zimamoto

Nyumba ikishika moto Mikindani usiku wa manane, jirani mmoja hutoka na ndoo ya maji, na mwingine hukimbilia simu kuwaita askari wa zimamoto. Saa ile hapana mtu aulizaye askari hao hulipwa kiasi gani, au wamekesha kazini saa ngapi, au kama koti na viatu walivyovaa ni vizima. Lakini mambo hayo ndiyo yanayoamua kama wale waliomo katika gari wataweza kuingia penye moshi na kutoka salama. Nayo hayaamuliwi siku ya moto. Huamuliwa mapema, mezani, kwa maneno na kwa maandishi, kati ya mwajiri na chama cha wafanya kazi. Yafaa kila mwenye nyumba, na kila mfanya kazi, afahamu mapatano hayo hufanywaje, na kwa nini ya zimamoto si sawa na ya kazi nyingine.

Mwajiri ni nani?

Mikindani isemwayo hapa ni ile ya bara ya Mombasa, upande wa Changamwe, wala si mji wa jina hilo ulio karibu na Mtwara. Zamani kazi ya kuzima moto katika mji ilikuwa chini ya Baraza la Manispaa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeiweka kazi hiyo, pamoja na kukabili maafa, mikononi mwa serikali za kaunti, nazo zilianza kazi mwaka 2013. Bandari na kiwanja cha ndege vina vikosi vyao wenyewe; lakini askari wa zimamoto wa mji ni watumishi wa Kaunti ya Mombasa. Chama kinachowasemea watumishi wa kaunti ni kile kilichoitwa zamani Chama cha Wafanya Kazi wa Serikali za Mitaa, na ambacho jina lake lilibadilishwa baada ya kaunti kuundwa.

Mombasa ilivyojifunza

Mji wa Mombasa haukujifunza mapatano vitabuni. Tarehe 13 Januari 1947 watu wapatao 15,000 waliacha kazi: wa bandarini, wa reli, wa mahotelini, hata watumishi wa majumbani. Walilalamikia mshahara usiotosha chakula wala kodi ya nyumba, maana bei za vitu zilikuwa zimepanda sana wakati wa vita. Lakini hapakuwapo chama kilichotambuliwa cha kuwasemea wote, wala meza ya kukaa na waajiri. Walikuwa wakikusanyika katika uwanja ulioitwa Kiwanja cha Maskini. Mgomo ulikwisha baada ya siku kumi na mbili hivi, Bw. Eliud Mathu, aliyekuwa mjumbe Mwafrika katika Baraza la Kutunga Sheria, alipokuja kuwaahidi kwamba mambo yao yangechunguzwa. Serikali iliweka baraza la uamuzi chini ya Jaji Thacker, na mishahara ikaongezwa. Hata hivyo Bw. Chege Kibachia, aliyekuwa kiongozi wa shirikisho la wafanya kazi, alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule akapelekwa uhamishoni. Basi wafanya kazi walipata nyongeza, lakini hawakupata njia ya kudumu ya kusema na waajiri wao.

Mwezi wa Machi 1955 makuli wa bandari waligoma tena. Safari hii alikuja Bw. Tom Mboya. Yeye alikuwa amepata kuwa mkaguzi wa afya katika Baraza la Jiji la Nairobi, na huko ndiko alikojenga kile chama cha wafanya kazi wa serikali za mitaa mwaka 1953. Aliwashauri makuli warudi kazini wakati madai yao yakipelekwa mbele ya baraza la uamuzi, na mwisho wake wakapata nyongeza ya asilimia 33. Tofauti ya mwaka 1947 na mwaka 1955 ni hii: mara ya pili alikuwapo mtu wa chama, aliyeweza kuzungumza na pande zote mbili na kuwarudishia wafanya kazi jawabu lililoeleweka. Mwezi wa Oktoba 1962 Serikali, waajiri na vyama vya wafanya kazi walitia sahihi hati ya masikilizano ya kazi, na mwaka 1964 ikaundwa Mahakama ya Viwanda. Mahakama hiyo leo huitwa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Hatua za mapatano

Sheria inayotumika sasa ni Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007. Hatua ya kwanza ni kutambuliwa. Mwajiri hana budi kukitambua chama ambacho wanachama wake ni zaidi ya nusu ya wafanya kazi wanaostahili kukiingia. Kwa hiyo mfanya kazi asiyejiandikisha, kisha akalalamika kwamba chama hakina nguvu, na ajiulize mwenyewe.

Hatua ya pili ni kuandika madai. Madai mazuri hayasemi tu, “Tunataka nyongeza.” Husema ni kiasi gani, na kwa sababu gani. Kwa askari wa zimamoto madai hayaishii kwenye mshahara: kuna saa za zamu, marupurupu ya hatari, bima, makoti na viatu visivyoungua, vyombo vya kuvutia pumzi penye moshi, na mafunzo. Mambo mengine katika hayo humlinda askari, lakini humlinda mwenye nyumba pia. Maana askari asiye na chombo cha pumzi hawezi kumtoa mtoto katika chumba kilichojaa moshi.

Mwajiri naye ana wajibu. Sheria yamtaka akipe chama habari zote zihusuzo mazungumzo, ili kiweze kujadiliana kwa kujua, wala si kwa kukisia. Fedha za kaunti ni fedha za watu wote. Hizo hizo ndizo zilipazo wauguzi na zitengenezazo barabara. Kwa ajili hiyo Katiba imeweka Tume ya Mishahara na Marupurupu, ambayo huzishauri serikali juu ya malipo ya watumishi wa umma. Mkataba uliofanywa bila kutafuta shauri la Tume waweza kukwama baadaye, hata kama watu walikwisha kushangilia.

Hatua ya mwisho ni kutia sahihi na kuandikisha. Mapatano yakisha kukubaliwa huandikwa, pande mbili hutia sahihi, na mwajiri huyapeleka Mahakamani katika muda wa siku 14. Yakisha kuandikishwa huwa na nguvu ya sheria, na masharti yake huingia katika mkataba wa kila mfanya kazi ahusikaye. Mapatano yasiyoandikishwa hayawezi kudaiwa hivyo. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Wasipopatana

Hapa ndipo zimamoto inapoachana na kazi nyingine. Wafanya kazi wa kiwandani wakishindwana na mwajiri, jambo hupelekwa kwa Waziri, naye huweka mpatanishi. Mpatanishi hupewa siku 30, au zaidi pande zote mbili zikikubali. Upatanishi ukishindwa, wafanya kazi waweza kugoma, baada ya kutoa ilani ya siku 7 kwa maandishi.

Askari wa zimamoto wa serikali hawana ruhusa hiyo. Sheria imeiandika kazi yao katika orodha ya huduma za lazima, pamoja na maji, hospitali, waongozaji wa ndege na vivuko. Huduma ya lazima ni ile ambayo ikikatika, maisha ya watu huwa hatarini. Shirika la Kazi la Kimataifa nalo huihesabu kazi ya kuzima moto kuwa miongoni mwa kazi ambazo mgomo wake waweza kuzuiwa. Si nchi zote zimeshika njia hii. Huko Uingereza, mwezi wa Novemba 1977, askari wa zimamoto waligoma nchi nzima kwa muda wa wiki tisa hivi, na wanajeshi walipewa magari ya zamani wakazime moto wao. Mgomo huo ulikwisha Januari 1978, kwa mapatano yaliyoweka kanuni ya kuongeza mshahara wa wazima moto.

Askari wa zimamoto aweza kusema, “Nimefungwa mikono. Kuli akikasirika huweka mzigo chini, nami sina la kuweka chini.” Neno hilo ni la haki, na sheria yenyewe imelijibu. Mtu aliyenyimwa mgomo amepewa badala yake mlango wa Mahakama. Ugomvi wa huduma ya lazima waweza kupelekwa huko kwa haraka, na hakimu akaamua kati ya pande mbili. Kinyume chake ni kweli pia: mwajiri wa huduma ya lazima hana ruhusa ya kuwafungia wafanya kazi nje.

Lakini badala hiyo ni ya kweli ikiwa tu inatimizwa. Mwajiri akichelewesha mazungumzo kwa sababu ajua kwamba watu hawa hawawezi kugoma, au akitia sahihi asilipe, amechukua haki ya mgomo bila kuitolea kitu. Basi kukatazwa mgomo hakumpunguzii mwajiri mzigo, bali humzidishia: ni wajibu wake kuja mezani mapema, kufungua daftari zake, na kuandikisha alichokubali. Chama nacho kina wajibu wa kudai kinacholipika na kuwaeleza wanachama kweli yote, hata ile isiyopendeza.

Mwenye nyumba wa Mikindani hakai katika meza hiyo, lakini ana haki ya kuuliza. Makadirio ya fedha ya kaunti hujadiliwa kila mwaka, na sheria yataka wananchi washirikishwe. Siku hiyo na aulize mambo matatu: askari wa zimamoto wametengewa fedha gani za mishahara na vyombo; mapatano yao yamekwisha kuandikishwa Mahakamani au bado; na yale yaliyoandikwa yanatekelezwa au la. Maswali hayo hayahitaji wakili, na wakati wa kuyauliza ni kabla ya usiku wa moto.