Kutu ya Gari na Afya ya Anayeikwangua Nyumbani

Chuma kikikutana na maji na oksijeni hugeuka polepole kuwa oksidi nyekundu, laini, inayobanduka. Chumvi huharakisha mabadiliko hayo, ndiyo maana bodi ya gari linaloegeshwa karibu na bahari, Tanga au Mombasa, huliwa na kutu mapema kuliko ya gari la Dodoma. Wenye magari wengi hulishughulikia jambo hili wenyewe uani. Uamuzi huo si mbaya, ila madhara yake huweza kumfikisha mtu kituo cha afya bila yeye kufikiria kulitaja gari.

Kwanza kutu ibonyezwe kwa ncha ya bisibisi. Bisibisi ikipenya, au kutu ikiwa kwenye chasisi, penye mikanda ya usalama au karibu na tangi la mafuta, kazi hiyo ni ya fundi wa kuchomelea. Kutu ya juu huoshwa, hukaushwa, kisha hukwanguliwa kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma king'ae, sentimita 2 au 3 kupita ukingo wake, kwa kuwa hutambaa chini ya rangi inayoonekana nzima. Mabaki yaliyo katika vishimo hupakwa dawa yenye asidi ya fosforiki. Baada ya hapo rangi ya chini ipakwe siku hiyohiyo, halafu puti panapohitajika, kisha rangi ya juu. Puti iliyopakwa juu ya kutu hunyonya unyevu, na kutu huendelea chini yake.

Jicho ndilo lililo hatarini zaidi. Chembe ya chuma iliyorushwa na mashine ya kusaga hunasa kwenye konea, na baada ya saa kadhaa au siku chache huacha pete ya kutu. Miwani ya kusomea haizuii. Inatakiwa ile inayofunika na pande. Jicho lisisuguliwe, wala chembe isitolewe kwa ncha ya kitambaa au njiti ya kiberiti, jambo ambalo mafundi wenzake huwa wepesi kumfanyia. Mhudumu akikuta mboni imepinda, au uoni umepungua ghafla baada ya kusaga au kugonga chuma, achukulie kwamba jicho limetobolewa: alifunike kwa ngao isiyoligusa, asitie dawa ya kupaka, na ampe mgonjwa rufaa mara moja. Kipimo cha MRI kisifanywe iwapo chuma kinadhaniwa kubaki ndani, kwa kuwa sumaku inaweza kukisogeza.

Kuhusu pepopunda, kutu husingiziwa. Ugonjwa huletwa na bakteria wa Clostridium tetani, ambao mbegu zao huishi katika udongo na kinyesi cha wanyama. Bati lenye kutu ni hatari kwa kuwa hukata kwa kina na mara nyingi limechafuka udongo. Msumari mpya uliookotwa zizini si salama kuliko hilo. Jeraha lioshwe vizuri kwa maji mengi na sabuni, na historia ya chanjo iulizwe. Hili huwahusu hasa wanaume watu wazima, ambao hawapitii kliniki ya wajawazito wanakochanjwa wanawake.

Vumbi nalo si la kupuuzwa. Rangi za zamani, hususan za njano na nyekundu, huenda zina risasi, hivyo msasa wa maji ni bora kuliko mkavu, watoto wakae mbali, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Hatari kubwa zaidi imo katika rangi za kupuliza zinazochanganywa na kigumishi chenye isosayanati. Kemikali hii husababisha pumu hata kwa asiyewahi kuugua, na aliyekwisha kuathirika huweza kubanwa kifua kwa kiasi kidogo sana. Barakoa ya kitambaa au ya upasuaji haisaidii chochote hapo. Aina hiyo ya rangi isipulizwe nyumbani. Ipelekwe gereji yenye chumba maalumu na barakoa ya kuletewa hewa safi. Mgonjwa wa pumu inayozidi jioni baada ya kazi na kutulia siku za mapumziko aulizwe kama hupuliza rangi.

Baadhi ya dawa za kutu huwa na asidi ya hidrofloriki, ambayo maumivu yake huweza kuchelewa kwa saa nyingi. Ngozi ioshwe mara moja kwa maji mengi, na chupa yenye lebo ipelekwe hospitalini, kwa kuwa tiba yake ni jeli ya kalsiamu glukoneti. Dawa iliyobaki isihamishiwe katika chupa ya soda. Mtoto akiinywa asitapishwe.