Sungura mkubwa na mdogo: Wazoeshe kwanza, banda moja baadaye

Na Mwandishi Wetu

MTU anayerudi nyumbani hubeba anachoweza: godoro, sufuria, baiskeli. Familia yetu iliporejea Burundi kutoka Kigoma mwaka 2008, binti yangu alipakata sungura jike wa rangi ya majivu, asiyefika kilo mbili. Mbuzi tuliuza, lakini sungura yule hakuuzwa, maana mtoto alikwisha kumpa jina.

Miezi michache baadaye nilinunua sokoni dume mweupe wa aina ya New Zealand, kilo nne na ushei. Siku ile ile nikamtia katika banda la jike. Nilidhani nimempatia mwenzake. Siku ya 32 jike alishindwa kuzaa, kitoto cha kwanza kilikwama, na kulipokucha tukamkuta amekufa. Binti alininunia kwa muda mrefu, na alikuwa na haki.

Ndugu msomaji, kisa hiki ninakileta kwako kwa sababu wengi wetu tunaoishi au kufanya biashara karibu na mpaka huchanganya sungura wa kila umbo katika tenga moja. Wengi ni wa kitoweo na wa kuuza, lakini kila nyumba huwa na mmoja ambaye watoto hawakubali achinjwe. Huyo ndiye ninayemzungumzia leo.

Ukubwa na uzazi

Sungura hutofautiana mno. Wapo wadogo wa kilo moja tu, na wapo wa Flemish Giant wanaopita kilo sita. Wadogo hubalehe mapema, wengine wakiwa na miezi minne, na wakubwa huchelewa hadi miezi sita au zaidi. Jike hapandwi kwa msimu. Yai lake hutoka baada ya kupandwa, na mimba huchukua siku 31 hivi. Hata akizaa leo, anaweza kushika mimba nyingine leo hii hii.

Dume mkubwa akimpanda jike mdogo, vitoto vinaweza kuwa vikubwa kuliko njia ya uzazi ya mama. Ndiyo maana mfugaji mwangalifu hupandisha sungura wa umbo moja, au dume mdogo kwa jike mkubwa.

Na wasiotakiwa kuzaa? Hapo ndipo suala la kuhasi linapoingia.

Kuhasi si kazi ya wembe

Wapo wanaodhani sungura huhasiwa nyumbani kama beberu. Hilo ni kosa kubwa. Kwa sungura, njia iliyo kati ya tumbo na mfuko wa korodani hubaki wazi maisha yake yote, hivyo utumbo unaweza kutokeza kwenye kidonda. Kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo, kwa dawa ya usingizi. Dume huwa tayari kuanzia miezi mitatu hadi minne, korodani zikishashuka.

Jambo la pili ambalo wengi hulikosea: sungura hanyimwi chakula kabla ya upasuaji. Hawezi kutapika, na tumbo lake likisimama anakufa. Mpe majani mpaka karibu na saa ya kazi, na umpe tena mara anapoamka. Akikaa nusu siku bila kula, mrudishe kwa daktari. Usimnyweshe vidonge vya amoksilini ulivyonunua dukani, kwa maana dawa hiyo ikipita mdomoni huharibu tumbo la sungura na inaweza kumuua.

Dume aliyehasiwa bado anaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa. Mtenge na majike kwa wiki sita.

Kumwondolea jike kizazi ni kazi nzito zaidi, kwani tumbo hufunguliwa. Faida yake ni kubwa, maana majike wengi wasiozalishwa hupata saratani ya kizazi wakizeeka. Lakini kama daktari mwenye uzoefu huo yuko mbali, mhasi dume kwanza. Hilo peke yake litazuia mimba.

Kuwazoesha

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Madume wawili wasiohasiwa watang'atana mpaka damu itoke. Majike wawili nao hugombea banda. Wanaoelewana kwa urahisi zaidi ni dume aliyehasiwa na jike.

Anza kwa mabanda mawili yanayotazamana, yakiwa na nafasi kati yake ili wasing'atane pua. Kila siku badilishana nyasi zao za kulalia, kila mmoja azoee harufu ya mwenzake. Baada ya wiki moja au mbili wakutanishe mahali ambapo hakuna kati yao anapohesabu kuwa pake: uani penye uzio, au chumba kilichofagiwa. Dakika kumi zinatosha kwa mara ya kwanza.

Kufukuzana kidogo na kupandana ni kawaida, hata kwa waliohasiwa. Wakizungukana kwa kasi huku manyoya yakiruka, watenganishe kwa ufagio, usitie mkono. Usiruhusu mmoja ampande mwenzake upande wa kichwa, kwani anaweza kung'atwa sehemu za siri. Ukiona wanakula pamoja, wanalambana na kulala ubavu kwa ubavu, kazi imekwisha. Huenda ikachukua wiki mbili, huenda miezi miwili.

Usidanganywe na umbo. Mara nyingi mdogo ndiye mtawala. Lakini uzito wa mkubwa unaweza kumuumiza mdogo, kwa hiyo weka sahani mbili za chakula na sanduku lenye milango miwili, ambamo mdogo anapita na mkubwa hapiti.

Kwa wenye biashara

Usiwapakie madume wazima tenga moja, wala wakubwa juu ya wadogo. Wape majani njiani na uwakinge na jua, maana joto huwaua upesi. Kabla ya kuvuka, muone ofisa mifugo upate hati ya afya ya wanyama na kibali. Ukifika, mgeni akae peke yake wiki mbili kabla ya kukaribiana na wenyeji.

Dume wangu mweupe alihasiwa mwaka uliofuata. Tukampatia jike mwingine mdogo, na safari hii tulisubiri wiki sita, kisha nyingine tano za kuzoeshana. Binti ndiye aliyeshika ufagio. Siku alipowakuta wamelala pamoja, kichwa cha mdogo juu ya mgongo wa mkubwa, alikuja kuniita nikaone. Jina la yule wa kwanza hakulitoa tena kwa sungura yeyote.