Ngojangoja Huumiza Matumbo: Mkopo wa Chuo Hauanzi Siku ya Matokeo

Kila mwaka, matokeo ya Kidato cha Sita yatangazwapo, furaha ya nyumba nyingi za wafanyakazi huingiwa na swali: fedha za chuo zitatoka wapi? Tangu mwaka 2005, wazazi wengi wasio na uwezo wameelekeza macho yao kwenye Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Lakini mlango wa mkopo huo hufunguliwa kwa majira yake na hufungwa.

Mwaka 2024 maombi yalianza kupokelewa tarehe 1 Juni, ilhali matokeo yalitoka katikati ya Julai. Familia iliyosubiri matokeo ilikwisha kupoteza zaidi ya mwezi mzima.

Ndugu wazazi, kinachokawiza si fomu, bali ni vyeti. Cheti cha kuzaliwa hakina budi kuhakikiwa kwanza na RITA au, kwa waliozaliwa Zanzibar, na mamlaka ya usajili ya huko. Aliyefiwa na mzazi hudaiwa cheti cha kifo, nacho kihakikiwe vivyo hivyo. Fomu nayo yataka sahihi ya mdhamini, ya kiongozi wa mtaa au kijiji, na ya hakimu au wakili. Na iwapo jina la cheti cha kuzaliwa halilingani na lile la cheti cha Kidato cha Nne, ni lazima lisahihishwe kisheria, kazi isiyomalizika kwa siku moja.

Hapa ndipo penye uchungu. Yatima, ambaye anastahili zaidi kusaidiwa, ndiye mwenye vyeti vingi zaidi vya kutafuta, na mara nyingi hana wa kumtafutia. Tena vijana wengi wa Kidato cha Sita huwa kambini JKT wakati huo.

Kwa hiyo kazi hii si ya kijana peke yake. Baba, mama, shangazi na mjomba waanze kukusanya na kuhakiki vyeti angali yuko Kidato cha Tano. Viongozi wa mitaa nao wakumbuke kwamba mhuri wanaouahirisha hadi kesho waweza kumgharimu mtoto wa jirani mwaka mzima wa masomo.