Chumvi isiyogusa samaki

Yesu alituita chumvi ya dunia (Mathayo 5:13). Watu wa Tchomia, kando ya Ziwa Albert, wanalielewa neno hili haraka: samaki hupasuliwa na kupakwa chumvi, la sivyo ataoza njiani. Chumvi iliyobaki mfukoni haimfai kitu. Tangu mapigano yaliporudi Djugu Desemba 2017, makanisani tunaimba sana. Ila sokoni mtu akiwasema vibaya Wahema wote au Walendu wote, wengi hunyamaza (wengine hata hucheka). Hapo ndipo chumvi inatakiwa. Tumuulize kwa upole huyo ndugu wa kabila letu: “Hayo umeyaona mwenyewe?” Uvumi huua. Na jirani wa kabila lingine akirudi kutoka kambini, tuwe wa kwanza kumsalimia, tumwazime jembe.