Uingereza katika Filamu za Kale na za Sasa

Wahenga walisema kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Lakini askari, kwa desturi ya kazi yake, huenda pale anapotumwa wala haendi pale apendapo. Ndiyo sababu jioni, baada ya gwaride na zamu, wengi wetu kambini na katika vituo vya polisi huburudika kwa kuzitazama nchi za mbali katika filamu. Leo tungependa kuizungumzia Uingereza, kwani mandhari zake zilianza kupigwa filamu mapema sana, na mtazamaji anaweza kuyalinganisha ya kale na ya sasa.

Mwaka 1898 kamera ilifungwa mbele ya garimoshi lililokuwa likiukaribia mji wa Conwy, kaskazini mwa Wales. Reli inapinda, kuta zinasogea, na mara ngome ya Mfalme Edward wa Kwanza, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1283, inajitokeza mbele ya macho. Watu wa siku zile waliziita filamu za aina hiyo safari za mzuka, maana mtazamaji alijiona anakwenda mbele bila kuona injini wala dereva. Leo ziko video zinazopigwa kutoka katika chumba cha dereva kwenye njia hiyo hiyo. Treni zimebadilika, lakini ngome ingali imesimama, na lile daraja la bomba la chuma alilolijenga Robert Stephenson katika miaka ya 1840 lingali linapitisha abiria.

Kati ya 1924 na 1926, Claude Friese-Greene alisafiri kwa motokaa kutoka Land's End, ncha ya kusini-magharibi, hadi John o' Groats, kaskazini kabisa mwa Uskoti bara. Alipiga filamu ya rangi kwa njia iliyoanzishwa na baba yake, ila picha zilipepesa na kuyachosha macho. Taasisi ya Filamu ya Uingereza iliisafisha kwa kompyuta, na mwaka 2006 watazamaji wa televisheni ya BBC wakaona wavuvi, vijiji na mitaa ya London kana kwamba vilipigwa picha jana. Katika safari kama ile, msafiri aliongozwa na vibao vya njiani. Mwaka 1940, kwa hofu ya uvamizi wa Wajerumani, vibao hivyo viling'olewa na majina ya stesheni yakafutwa, ili adui akishuka asijue alipo.

Siku hizi ndege ndogo zisizo na rubani hutuonyesha yale ambayo zamani yaliwezekana kwa ndege kubwa tu. Daraja la reli la Ribblehead, lenye matao 24, huonekana kama mkufu uliotandazwa bondeni. Ni picha ya kupendeza mno. Hata hivyo haituonyeshi vibarua waliolijenga katika miaka ya 1870, wakiishi katika vibanda kwenye baridi na upepo, na wengi wao wakafa kwa ajali na kwa ndui. Wala haituambii kwamba katika miaka ya 1980 njia hiyo ilikaribia kufungwa, na kwamba ni mwaka 1989 tu serikali ilipokataa kuifunga, baada ya wananchi kuitetea kwa nguvu. Kwa hiyo picha husema kweli, lakini haisemi kweli yote.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya starehe peke yake. Mwaka 1942 BBC iliwaomba Waingereza wapeleke picha na kadi za posta walizozipata walipotembelea pwani za Ulaya kabla ya vita. Familia zikatoa picha za watoto mchangani na za wazee kwenye viti vya ufukweni. Wakuu wa jeshi hawakuwatazama watoto wala wazee, bali walitazama mteremko wa ufuko, ukuta ulio nyuma yake na njia ya kutokea. Maarifa ya namna hiyo yalisaidia katika kuandaa mashambulio ya Normandy ya Juni 1944.

Basi, ndugu askari, tunapotazama video za Uingereza au za nchi nyingine yoyote, tufurahi, kisha tujiulize: mpiga picha amesimama wapi? Ni majira gani ya mwaka? Mto unaelekea wapi? Ni kitu gani alichokiacha nje ya picha? Jicho lililozoea maswali hayo litaona vema hata likiwa doria. Na tukumbuke kwamba simu zilizo mifukoni mwetu nazo ni kamera. Picha ya furaha iliyopigwa penye kizuizi au langoni mwa kambi, ikatumwa kwa jamaa na marafiki, itatazamwa pia na mtu asiyeutaka uso wetu, bali ukuta ulio nyuma yetu.