Meno Yapo, Mfupa Bado

Mtu aliyewekewa vipandikizi vya kinywa kizima hufikia wiki ya pili akiwa amepona machoni pa kila mtu. Uvimbe umeshuka, mishono inayeyuka, vidonge vya maumivu vimesahaulika kabatini. Anajitazama kwenye kioo na kucheka. Hapo ndipo linapokuja swali ninaloulizwa kuliko yote hapa Rubavu, Rwanda: "Dokta, burusheti nianze lini?" Jibu langu huwa linamuudhi. Siku alizoziogopa zimekwisha bila balaa. Zinazokuja ndizo zinazopoteza vipandikizi, na hazina maumivu ya kumkumbusha.

Kwa asiyejua, upasuaji wenyewe ni huu. Meno yaliyooza au kulegea yanang'olewa, mfupa unasawazishwa, kisha kila taya linatobolewa kwa kekee na kukazwa skrubu za titani, kwa kawaida nne hadi sita. Juu yake, mara nyingi siku hiyohiyo au kesho yake, linafungwa daraja la muda lenye safu nzima ya meno ya plastiki. Mtindo huu wa skrubu nne, mbili za nyuma zikiwa zimelazwa ili kukwepa mshipa wa fahamu kwa chini na uwazi wa hewa kwa juu, ulianzishwa na Paulo Maló mjini Lisbon mwishoni mwa miaka ya 1990. Kabla yake kazi hii ilikuwa ya subira. Per-Ingvar Brånemark, Mswidi aliyegundua mwaka 1952 kwamba titani aliyoiingiza kwenye mguu wa sungura imeshikana na mfupa na haichomoki, alimwekea vipandikizi mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, mwaka 1965. Utaratibu aliouacha ulikuwa kuvifukia chini ya ufizi miezi mitatu kwa taya la chini na sita kwa la juu, bila kuviwekea jino. Larsson alifariki mwaka 2006 vikiwa bado vinamtumikia. Mgonjwa wa zama hizo hakuweza kutafunia vipandikizi vibichi hata kama angetaka. Wa leo anatoka kliniki na meno mdomoni, meupe, yamekaza, wala hakuna kinachomwambia kwamba bado.

Tuingie ndani ya mfupa kidogo. Siku ya upasuaji skrubu inashikiliwa na ubano wa mfupa wa zamani, basi. Mfupa ule uliojeruhiwa na kekee mwili hauuachi ulivyo: kuna seli zinazoula taratibu, na nyingine zinazojenga mpya unaoshikana na titani. Kazi hizo mbili haziendi mwendo mmoja. Kati ya wiki ya pili na ya nne hivi, wa zamani umepungua na mpya haujakomaa, na skrubu inakuwa imeshikwa kidogo kuliko siku ile ilipokazwa. Ikitikiswa tena na tena kwa zaidi ya maikromita 150 hivi, yaani kama sehemu ya saba ya milimita, mwili unaacha kujenga mfupa pale na kuweka utando wa nyama. Utando ukishatanda, skrubu hiyo ni ya kutolewa.

Na mwenye kinywa hana habari. Jino la kuzaliwa limeshikwa na nyuzinyuzi ndani ya tundu lake, zenye fahamu kali kiasi cha kutambua unywele mmoja ukibanwa kati ya meno. Kipandikizi hakina nyuzi hizo. Aliyewekewa juu na chini amepoteza sehemu kubwa ya kipimo hicho, kwa hiyo anauma kwa nguvu akidhani anauma polepole. Ndiyo maana sikubali hoja ya "nikisikia maumivu nitaacha". Hutasikia.

Sasa nyumbani. Kwa mtu wa Rubavu nyumbani penyewe ni mbali, kwa kuwa wengi hupasuliwa Kigali, na barabara ni zaidi ya kilomita 150 za milima na kona. Usirudi siku hiyohiyo. Lala Kigali usiku mmoja, ukiweza miwili. Damu ikianza upya uko karibu na aliyekupasua. Na dawa za usingizi zikikutana na tumbo tupu na kona za kupanda, utatapika juu ya mishono mibichi. Basi likisimama Nyirangarama, kituo cha kula cha njiani, na abiria wote wakashuka kununua nyama na viazi, wewe baki kwenye kiti na chupa yako ya maji. Anayevuka kwenda Goma ana la ziada: mpaka unaweza kuwa umefungwa usiku, na saa zake zimebadilika mara nyingi. Akianza kuvuja damu usiku akiwa Birere, mtaa wa Goma, daktari wake wa hapa Gisenyi hamfai kitu. Kwa huyo, usiku wa kwanza na wa pili ni bora alale upande alikopasuliwa, hata kwa shemeji.

Damu ya usiku wa kwanza huwatisha watu kuliko inavyostahili. Mate ya rangi ya waridi kwa siku nzima ni kawaida. Tone moja la damu linapaka mate ya kikombe kizima. Uma shashi safi iliyokunjwa, kwa nguvu ya wastani, dakika 30 bila kuifungua kuchungulia. Shashi ikikosekana, mfuko wa majani meusi ya chai, ya Pfunda au mengine, uliolowekwa na kupoa unafanya kazi nzuri, maana ukakasi wake unasaidia damu kuganda. Usiteme kwa nguvu, usisukutue siku ya kwanza, na lala na mito miwili. Donge la damu lililoziba kila tundu ndilo kifuniko cha jeraha, na kinachoking'oa upesi kuliko vyote ni kufyonza. Hapa kwetu maana yake ni umuheha. Ikigage au urwagwa kwa umuheha ni marufuku mara mbili, kwa pombe na kwa mrija, na mzee anayeona aibu kukataa mrija unaozunguka kwenye kikao ni afadhali asihudhurie wiki mbili za kwanza.

Uvimbe hupanda hadi siku ya pili au ya tatu kisha unashuka, na weusi unaweza kuteremka mpaka shingoni. Baridi inafaa saa 48 za kwanza: dakika 15 shavuni, dakika 15 pumziko. Asiye na barafu achukue chupa ya Primus kutoka kwenye friji na kuizungushia kitambaa. Ni bia inayopikwa hapahapa mjini, na hayo ndiyo matumizi yake pekee ninayoyaruhusu wiki hiyo, hasa kwa aliyeandikiwa metronidazoli, ambayo ikikutana na pombe inaweza kumtapisha mtu vibaya. Kinyume chake ni joto. Amashyuza, chemchemi za maji ya moto za Nyamyumba, yana sifa ya kutibu kila kitu, na sina ugomvi na anayekwenda kuloweka magoti yake. Lakini maji ya moto na kukandwa vinapanua mishipa ya damu, na taya lililopasuliwa juzi litavimba upya. Ngoja wiki mbili.

Dawa ya maumivu imezwe kabla ganzi haijaisha, si baada. Parasetamoli pamoja na ibuprofeni huwatosha wengi, ila mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au anayemeza dawa za kulainisha damu asiguse ibuprofeni bila kuuliza. Antibiotiki zimalizwe kama zilivyoandikwa. Kumgawia jirani vidonge vinne vilivyobaki ni kumdhuru yeye na wewe. Mgonjwa wa kisukari apime sukari mara nyingi zaidi wiki hiyo, kwa sababu anachoma insulini ileile huku akila nusu ya chakula chake, au anakunywa uji wenye sukari mara sita kwa siku. Aliyepasuliwa taya la juu asipenge kamasi wiki mbili, na chafya ikija aitoe kinywa kikiwa wazi; kati ya skrubu za juu na uwazi wa hewa ulio juu yake kuna ukuta mwembamba sana wa mfupa.

Chakula ndicho kinachoniweka muda mrefu na wagonjwa, maana ndicho kinachoamua. Wiki ya kwanza ni vya kunywa na vya kijiko, vuguvugu: uji wa igikoma uliochujwa, uji wa sosoma, maziwa mgando ya ikivuguto, mchuzi, parachichi lililopondwa. Pilipili hapana, na tone moja la Akabanga kwenye ufizi ulioshonwa litakufundisha kwa nini. Kuanzia wiki ya pili ongeza viazi vilivyopondwa kwa maziwa, mayai, tilapia aliyechemshwa na kutolewa miiba, isombe (kisamvu) iliyopikwa hadi haina nyuzi. Kipimo ni ulimi: chakula unachoweza kukiponda kwa ulimi dhidi ya kaakaa kinaruhusiwa. Kinachohitaji jino hakiruhusiwi, hata kama kinaonekana kidogo. Kwa kipimo hicho sambaza wa kukaangwa, samaki wadogo wa ziwani ambao mtu wa Kivu hawahesabu kuwa chakula kigumu, wanakataliwa; vijifupa vyao vinachoma na kujichomeka chini ya daraja. Lakini usiwatupe. Sambaza waliokauka, wakisagwa unga na kuchekechwa, kijiko kimoja au viwili kwenye igikoma vinakupa protini ambayo jeraha linaidai na uji mtupu hauna ya kutosha. Ibinyomoro, mapera na matunda mengine ya mbegu ndogo, kamua juisi, chuja, kunywa kwa kikombe. Mahindi ya kuchoma na miwa, sahau.

Mpaka lini? Wapo wapasuaji wanaotaja wiki sita. Kwa kinywa kizima mimi nasema miezi mitatu, na kwa taya la juu lenye mfupa laini nasema minne, na sioni haya kuonekana mkali. Burusheti ya mbuzi inasubiri daraja la kudumu. Ninayemwonea huruma zaidi ni yule mwenye harusi mwezi wa pili baada ya upasuaji: nyama iko mbele yake, meno yako mdomoni, shangazi anamsukumia sahani na kuuliza mbona hali. Nawashauri watu watazame kalenda ya ukoo kabla ya kuchukua tarehe ya upasuaji. Anayesaga meno usingizini naye aseme mapema, maana anatafuna usiku kucha bila chakula. Atengenezewe kinga ya kuvaa akilala.

Usafi unaanza siku moja baada ya upasuaji kwa dawa ya klorheksidini, asubuhi na jioni, wiki mbili na si zaidi, la sivyo inapaka meno rangi ya kahawia. Maji ya chumvi vuguvugu, nusu kijiko cha chai kwa glasi, yanafaa baada ya kila mlo. Mswaki laini urudi taratibu, mishono ikiepukwa, na ufizi ukishafunga ujifunze kupitisha uzi mnene chini ya daraja, sehemu ambayo mgonjwa haioni na uchafu unaipenda.

Nigusie na rangi, kwa sababu vijana wa chini ya mlima Nyiragongo hunijia wakitaka kung'olewa meno mazima ili wawekewe meupe. Madoa yale ya kahawia yanatokana na floridi ya maji ya ukanda huu wa volkano, iliyonywewa utotoni. Yako kwenye ganda la jino. Mzizi hauna kosa lolote. Kung'oa mzizi mzima kwa ajili ya rangi ni jambo ambalo sitalifanya.

Yapo yanayotaka simu upesi. Damu inayojaza kinywa baada ya kuuma shashi saa nzima; homa ya nyuzi 38 au zaidi; uvimbe unaopanda baada ya siku ya nne badala ya kushuka; usaha au ladha mbaya isiyoondoka. Mdomo wa chini uliobaki na ganzi baada ya saa za ganzi kupita uripotiwe siku hiyohiyo, kwa sababu skrubu inayogusa mshipa wa fahamu inaweza kuondolewa mapema na hisia kurudi. Kushindwa kumeza au kupumua hakusubiri ujumbe wa WhatsApp ujibiwe; ni kwenda Hospitali ya Gisenyi, idara ya dharura, saa hiyohiyo. Na lipo moja lisilouma wala kutisha: daraja linalotoa mlio mdogo ukifunga kinywa. Skrubu mojawapo imelegea. Usitafune, usijaribu kulikaza, na kwa hisani yako usilibandike kwa gundi ya viatu.

Hapo ndipo karatasi inapohitajika. Kampuni za vipandikizi ni nyingi duniani, na skrubu za hii mara nyingi hazifunguki kwa bisibisi ya ile. Aliyepasuliwa India au Uturuki, akarudi Rubavu na daraja likalegea, atazungushwa kliniki hadi kliniki ikiwa hakuna anayejua alichowekewa. Kabla ya kuondoka kwa mpasuaji dai kadi yenye jina la kampuni, upana na urefu wa kila skrubu, na tarehe. Ipige picha, umtumie na mtoto wako, kwa maana simu huibwa.